Namba kwa Jina la Chama

Sehemu ya sita

Ninyi mlionitukana wiki iliyopita, matusi yenu yamefika. Mwenye gazeti ameniletea bahasha nzima. Mama mmoja wa Katuba ameandika kwamba nifungwe jiwe shingoni nitupwe mtoni. Mama, ngoja kwanza usome ya leo, ndipo utafute jiwe kubwa zaidi.

Na wewe unayeanza leo, sikiliza kwa ufupi.

Mimi ni Régine, wa Makomeno, muuza unga. Mahindi nayatoa Lukafu, nayasagisha hapa Lubumbashi. Nilikuwa na wateja wangu, mpaka Katungu, yule mama wa Butembo mwenye malori mawili, alipoanza kuingiza unga wa Zambia kupitia Kipushi. Unga mweupe, bei chini. Wateja wangu wakawa wananipita na gunia la Katungu kichwani, tena wananisalimia vizuri. Hiyo salamu ndiyo iliyoniua.

Kisha ikaja ile wiki serikali ilipokata enternete. WhatsApp kimya, Facebook kimya. Kila mwenye haraka akapanda taksi mpaka Kipushi, maana pale mpakani mnara wa Zambia haujui barrière, ule mti wa kufunga njia, unamwaga rezo, yaani mtandao, mpaka upande wetu. Lakini lazima uwe na namba ya kule, na namba ya kule haitolewi bila kitambulisho cha kule. Mimi nilikuwa nayo. Iliandikwa kwa jina la Chama, wifi yangu, bibi wa Doudou, mdogo wangu. Chama ni Mubemba wa ng'ambo ya mpaka. Alinitolea kitambulisho chake bila hata kuuliza ni ya kazi gani.

Kwa namba hiyo, nikiwa nimesimama Kipushi upande wetu, nilituma sauti katika kundi la mama wachuuzi wa pande zote mbili. Nilisema unga wa depo moja ya kule, ile anayochukulia Katungu, umeua watoto watatu. Uongo mtupu! Nilitaka tu unga wa Katungu udode. Kesho yake watu wa kule wakaivamia depo, wakaichoma, wakampiga mlinzi, mzee wa watu, mpaka akazimia. Polisi ya kule ikauliza hii namba ni ya nani. Ya Chama. Wakamkuta kwa mama yake, ananyonyesha, wakamchukua.

Tuliishia hapo. Bon.

Kuna jambo niliwaficha wiki iliyopita. Mwenye gazeti aliniuliza kama nimesema yote, nikamjibu ndiyo.

Sauti ile sikuisema kwa Kiswahili. Niliisema kwa Kibemba, Kibemba nilichofundishwa na Chama mwenyewe, tukichambua maharagwe pale mlangoni kwangu. Tena sikutumia sauti yangu. Niliiga ya Chama, namna anavyovuta pumzi kwanza, namna anavyocheka kidogo kabla ya kusema jambo baya. Nilitaka watu wa kule waamini kwamba anayesema ni mwenzao.

Wakaamini.

Mficha uchi hazai. Nimesema. Endeleeni kutukana.

*

Doudou alifika kwangu Jumamosi asubuhi. Hakupiga hodi. Alikuwa na vumbi la Kipushi mpaka kwenye nyusi.

Mumjue vizuri huyu Doudou. Mama yetu alipokufa yeye alikuwa na miaka sita, mimi kumi na tisa. Niliuza mikate ya mafuta kwenye jua mpaka akapata diploma yake. Mpaka leo hajawahi kukaa kwenye kiti changu. Ananiita yaya, dada mkubwa, na akiniita hivyo anainamisha kichwa.

"Yaya, balimushika Chama."

"Nimesikia."

"Balinisikilizisha ile sauti kwa polisi ya kule. Nilibaambia haiko Chama."

"Balijibu nini?"

"Balicheka. Balisema, bwana gani atakubali kama ni bibi yake?"

Nikamwekea chai. Hakuigusa. Alitoa simu, akaiweka mezani, akaifungua ile sauti. Chama akajaa ndani ya nyumba yangu. Yaani mimi. Pumzi, kicheko kidogo, halafu watoto watatu waliokufa. Wallahi, hata mimi mwenyewe nilishtuka.

Karibu na mwisho Doudou akairudisha nyuma.

"Yaya, usisikilize ile maneno. Sikiliza nyuma yake."

Nyuma yake, mbali kidogo, mwanamke anapiga kelele: "Eau pure! Eau pure ya baridi!"

Siku ile sikumsikia kabisa. Sisi watu wa huku wito wa maji ya mfuko hatuusikii tena, umeshaingia masikioni kama sauti ya inzi. Nilichagua kila neno la Kibemba, nikasahau nimesimama wapi.

"Ule ni Mama Estelle," Doudou akasema. "Anauzishaka maji pembeni ya barrière, upande yetu. Kule ng'ambo nani anaita eau pure? Na Chama alienda kuzaa kwa mama yake, miezi tatu sasa hajavuka. Ile sauti ilitoka huku, yaya. Numero ziko tatu kwa majina ya Chama. Moja iko yake. Moja iko yangu. Moja..."

Akaangalia sakafu.

Hapo nilipaswa kusema. Mlango ulikuwa wazi, kijana ameshafika mwenyewe, hakunitukana wala hakuniinulia sauti. Neno moja tu, "ndiyo", na ningekuwa mtu.

Nikasema, "Doudou, nani alikulea?"

Akaisukuma simu pembeni.

"Nakuuliza. Nani alikulea?"

"Ni weye, yaya."

"Nani aliunguzwa na mafuta ya mikate juu weye usome?"

"Ni weye."

Nikamwonyesha mkono wangu wenye alama, ingawa anaujua. "Sasa unataka kunipeleka kwa polisi ya inchi ya bengine?"

Akaanza kulia. Mwanaume wa miaka thelathini, kwenye kigoda changu cha jikoni.

"Siko nakupeleka. Minakulomba. Kuya twende pamoja, useme weye mwenyewe. Miye siwezi kutaja damu yangu. Yaya, ndoyi wako iko nalia, maziwa ya mama yake inakauka."

Ndoyi wangu! Ndiyo, mtoto anaitwa Régine. Kwetu ukimpa mtoto jina la mtu, huyo mtu amekuwa mzazi wake. Mama yake Chama alikuwepo, shangazi walikuwepo, lakini Chama alisema: "Ataitwa kama yaya, awe na roho kama yake."

Kama roho yangu. Mungu anisamehe, na mtoto naye Mungu amwepushe.

"Nipe siku mbili," nikamwambia.

*

Siku hizo mbili nilizitumia kujitafutia njia yangu mwenyewe.

Kuna bwana mmoja hapa mtaani, Paulin, anafanya kazi katika mambo ya sheria, ofisi nisiitaje. Nilimpelekea debe la unga. Nikamwambia ni shauri la rafiki yangu. Mnajua wote, mtu akisema "rafiki yangu" mbele ya mtu wa sheria, ni yeye mwenyewe. Paulin naye alijua. Akapokea unga.

"Rafiki yako alitumia rezo ya Zambia wakati huku imekatazwa," akasema. "Hapo amevunja amri ya huku."

"Atafungwa?"

Akacheka. "Mama Régine, siku ile muji wote ulikuwa Kipushi. Hata miye nilikuwa kule. Tutafunga nani, tuache nani?"

"Na kule?"

"Kule ni jambo ingine. Kule sauti imechoma depo. Sasa sikia. Sauti inavuka barrière bila jeton ya kupita, bila kitambulisho, hakuna mutu wa kuisimamisha. Lakini sheria haivuke vile. Sheria inavuka na karatasi. Karatasi inatoka kule, inaenda Lusaka, inaenda Kinshasa, inapigwa mihuri, inashuka mpaka huku kututafutia mutu. Zamani mutu alikuwa anavuka mupaka anapona. Siku hizi baserikali banaandikiana juu ya mambo ya enternete."

Nikamsogelea. "Na kama kule wamepata mtu, akaitika kwamba ni yeye?"

Akafunga mfuko wa unga vizuri.

"Nani ataandika karatasi ya kutafuta mutu mwenye amekwisha kupatikana?" akasema. "Lakini rafiki yako asikanyage kule. Hata kwa kununua chumvi."

Nilitoka pale mwepesi. Nilikuwa nimepata sehemu ya kukaa katikati ya sheria mbili, na ilinitosha mimi peke yangu. Chama alipaswa kubaki nje ya sehemu hiyo.

*

Jumatatu nikampigia Doudou.

"Nimeonana na avoka," nikasema.

Hakuna avoka, hakuna wakili yeyote. Kulikuwa na Paulin na debe la unga.

"Anasema nini?"

"Anasema Chama aitike."

"Aitike kosa haiko yake?"

"Sikia kwanza! Kule mama mwenye kunyonyesha hawamufunge. Wanamukaripia, wanamuandikisha karatasi, anarudi kwake. Akikataa ndipo watachimba, watamuweka ndani mwaka muzima, na mutoto huyo mudogo. Avoka amesema vile."

Nikasikia pikipiki zikipita kule kwake.

"Yaya, unaapa?"

"Naapa."

"Kwa nani?"

"Kwa kaburi ya mama."

Niliapa hivyo. Mama yetu amezikwa hapa hapa, na Doudou ndiye anayepalilia majani juu yake kila mwaka. Niliapa kwake kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Doudou akavuka, akamfikishia Chama maneno pale polisi. Alinisimulia jioni kwa simu, sauti yake imepona kidogo. Chama alikuwa amekaa chini, kitambaa kifuani. Askari walikuwa wamemsumbua siku tatu aitike, akakataa siku zote tatu. Doudou alipomaliza kusema, aliuliza swali moja tu.

"Ni yaya Régine amesema?"

"Ni yeye."

"Basi nitaitika. Yaya hawezi kunitupa."

Akaomba kalamu.

*

Enternete ya huku ikarudi Jumanne. Watu wakapigiana video, wakacheka, wakasahau. Unga wa Katungu ulikuwa umelala wiki nzima bila mnunuzi. Wangu ukaisha wote. Kwa mara ya kwanza mwaka huu niliwafukuza wateja mlangoni kwa sababu sina kitu. Nilipika kuku. Ndiyo, nilipika kuku na nikala vizuri, andikeni na hilo.

Alhamisi, Doudou akanipigia.

"Yaya, kuya Kipushi. Chama wanamuhamisha kwa gereza ya muji mukubwa, mbali. Kifua yake imekauka kwa mawazo. Anaomba mutoto aende kwa ndoyi wake, ku Lubumbashi, apate maziwa ya mukebe."

"Wanamuhamisha kwa nini? Si ameitika?"

"Banasema ni mpaka juji apange siku. Juu mulinzi angali hospitali."

Nilienda. Msifikiri nilienda kwa huruma. Niliwaza kwamba nikikataa, Doudou atashangaa, na akishangaa ataanza kufikiri.

Saa sita ya mchana Kipushi ilikuwa imejaa. Mama wachuuzi wanaingia na kutoka, kila mmoja na jeton yake ya siku, magunia, matofaa, sabuni. Mama Estelle alikuwa pale pale pembeni na beseni lake, anaita maji. Nikapita mbali naye.

Nikasimama mbele ya ule mti wa barrière. Hatua moja zaidi ni kule.

Mama yake Chama alikuja kwa upande wake. Wanamwita Bana-Chama, ndivyo Wabemba wanavyomheshimu mama, kwa jina la mtoto wake. Mwanamke mfupi, macho mabovu, anatembea akigusa mabega ya watu. Mtoto alikuwa mgongoni kwake. Doudou akamfungua mtoto, akampitisha juu ya mti wa barrière, akanipa. Nikamfunga mgongoni kwa kitenge changu. Alikuwa moto kidogo, na mwepesi kuliko nilivyomwacha siku nilipovuka kumwona.

Ndipo Bana-Chama akapiga magoti.

Pale pale kwenye vumbi, mbele ya malori, mama mzee anipigie magoti! Akaanza kupiga makofi pole pole, viganja vimekunjwa, namna wanavyoshukuru kwao.

"Natotela, mukwai. Natotela, mukwai."

"Amka, mama," nikasema kwa Kibemba. "Amka, watu wanatuangalia."

"Waache waangalie," akajibu. "Mtoto wangu aliniambia umemtafutia avoka. Nikasema, hata ndugu zangu wa tumbo moja hawajanifanyia vile. Mungu akulinde."

Na makofi yanaendelea. Nilitaka ardhi inimeze. Hapana, nadanganya tena. Nilitaka amalize haraka nipate taksi.

Simu ya Doudou ikalia.

Aliitika, akasikiliza. Uso wake ukabadilika mbele yangu. Akaishusha simu.

"Mulinzi amekufa," akasema. "Asubuhi ya leo."

Lori moja likapiga honi.

"Yaya, ile karatasi Chama alitia sahihi. Haiko tena karatasi ya sauti. Iko ya mutu mwenye amekufa."

"Mungu wangu," nikasema.

"Ulisema watamukaripia."

"Nilisema vile avoka..."

"Avoka, majina yake nani?"

"Doudou..."

"Avoka, yaya. Majina yake nani? Niambie nimupigie sasa hivi."

Nina kichwa cha kutunga watoto watatu waliokufa kwa unga, pamoja na umri wao na majina ya mitaa yao. Pale, mbele ya mdogo wangu, sikupata hata jina moja la avoka.

Doudou aliniangalia. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuinamisha kichwa.

Akamgeukia mama mkwe wake, akamwambia kwa Kibemba, sentensi tatu tu. Kwamba sauti ile haikuwa ya Chama. Kwamba aliyesema ndiye huyu aliyembeba mtoto. Kwamba avoka hayupo, hakuwahi kuwepo. Nilielewa kila neno. Chama alinifundisha vizuri.

Bana-Chama alikuwa bado amepiga magoti. Makofi yakakoma. Aliinua yale macho yake mabovu akanitafuta, akanyoosha mikono miwili chini ya mti wa barrière.

"Nirudishie mtoto," akasema.

"Vuka, yaya," Doudou akasema. "Posti ya polisi ni ile pale, unaiona. Uingie, useme kama vile ulisema kwa ile sauti. Ukisema, Chama anarudi. Usipovuka, minakwenda miye. Na minabeba Mama Estelle kuwa shahidi."

Alikuwa na haki. Ningekuwa yeye, ningekuwa nimekwisha kukimbia kule. Lakini nikamwona anaangalia mgongoni kwangu, na nikajua anaogopa nini. Ndugu zangu, sijui neno lile lilitoka katika shimo gani la moyo wangu.

"Enda," nikamwambia. "Enda useme. Lakini mutoto iko na miye, na miye niko huku. Nani atavuka na karatasi kuja kumuchukua?"

Doudou akabaki amesimama, mikono inaning'inia.

Askari wa barrière akainua mti, lori la Katungu lilikuwa linarudi tupu kutoka kule. Njia ikawa wazi mbele yangu, pana, hatua moja. Bana-Chama alikuwa bado chini, mikono yake imenyooshwa mpaka upande wetu.

"Mama!" askari akanipigia kelele. "Unapita ao haupiti? Uko nazuia gari!"

Mtoto akaamka, akaanza kulia. Nikarudi nyuma hatua moja, nikakaza fundo la kitenge.